Misitu ya Rondo na Deni la Shamba kwa Pori

Hakuna mkulima duniani asiyedaiwa na pori. Muhogo tunaoumenya, mtama tunaoutwanga, kunde tunazozichuma na kahawa tunayoinywa, asili yao wote ni mimea ya mwitu, kabla mikono ya wanadamu haijawachagua na kuwafuga kama walivyofugwa ng'ombe na mbuzi. Deni hili ni kongwe mno hata limesahauliwa. Na mdaiwa aliyesahau deni lake aweza kumfukuza mdai mlangoni bila ya kumtambua. Ndivyo shamba linavyolitenda pori katika nchi nyingi leo.

Katika insha hii nataka kulisimulia deni hilo kwa habari za mahali pamoja, yaani uwanda wa juu wa Rondo katika mkoa wa Lindi, pamoja na misitu ya Kilwa iliyo upande wake wa kaskazini. Nimechagua mahali hapo kwa sababu mbili. Kwanza, historia yake yaonyesha waziwazi jinsi watu wa zama mbalimbali walivyolitazama pori moja kwa macho mbalimbali, na kila zama zikaona kitu kimoja tu na kupofuka kwa vingine. Pili, joto la dunia linavyozidi na mvua zinavyoacha desturi zake, waangalizi wa ardhi ya Rondo wanakabiliwa na swali ambalo waliowatangulia hawakuulizwa: ni mimea ipi tuiokoe, na kwa njia gani, ilhali hali ya hewa iliyoiotesha inaondoka?

Msafiri atokaye mji wa Lindi kwenda bara huiacha nchi ya minazi na mikorosho, akapanda polepole mpaka afike juu ya uwanda wa Rondo, ambao huinuka karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni baridi kuliko pwani, ukungu wa asubuhi si jambo geni, na mvua ni nyingi kuliko katika nchi ya chini inayouzunguka uwanda huo. Wamwera ndio wenyeji wa sehemu hizo tangu zamani. Msitu wa Rondo si mkubwa ukilinganishwa na misitu ya Kongo. Lakini ukubwa wa hazina haupimwi kwa ukubwa wa kasha. Ndani yake, na katika misitu midogo iliyotapakaa kati yake na bahari, imo mimea ambayo haipatikani popote pengine duniani. Yumo pia komba mdogo aitwaye kwa jina la Rondo, ambaye uzito wake haufiki gramu 100, na ambaye wataalamu walimtambua kuwa aina ya pekee katika miaka ya 1990 tu. Na imo kahawa ya mwitu, ambayo katika lugha ya wataalamu huitwa Coffea schliebenii. Nitairudia kahawa hiyo baadaye.

Zama za kwanza ambazo twapenda kuzitazama ni zile za serikali ya Kijerumani. Mwaka 1904 serikali hiyo ilitoa sheria ya kuhifadhi misitu, na katika pwani sehemu nyingi zilianza kuwekewa mipaka. Mwenye kuitunga sheria aliutazama msitu kuwa ni ghala la mbao na ni mali ya dola. Mwenyeji aliyeingia humo kuchimba mzizi au kurina asali aligeuka mwizi katika nchi ya babu zake. Mwaka uliofuata, Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na moto wa Maji Maji ukawaka ukaenea mpaka Umwera, Liwale na mbali zaidi. Vita hivyo vilipozimwa kwa bunduki, vilimalizwa kwa njaa: mashamba yalichomwa moto, ghala zilitekwa, na watu wakafa kwa maelfu mengi kuliko waliouawa kwa risasi.

Katika njaa hiyo pori lilikuwa mama wa pili. Watu walikwenda msituni kutafuta mizizi, majani na matunda ya mwitu. Wenyeji wa kusini wanazijua aina nyingi za viazi vya mwitu. Iko ndiga, ambayo ni sumu kwa mtu asiyejua kuikata, kuiloweka na kuiosha siku kadha wa kadha. Na iko ming'oko, mitamu isiyo na sumu, ambayo mpaka leo huchimbwa vichakani na kuuzwa ikiwa imechemshwa katika masoko na vituo vya magari vya Lindi na Mtwara. Mgeni huidhani ming'oko kuwa ni kitafunio cha kupitishia wakati. Mwenyeji anajua kwamba ni bima, na bima yenyewe haikuandikwa katika karatasi yoyote. Haikupandwa, haikupaliliwa, wala haikutozwa kodi. Lakini ilipokosekana akiba ya ghalani, ilikuwako akiba ya ardhini. Wahenga walisema akiba haiozi. Naam, haiozi, lakini yaweza kulimiwa juu, ikachomwa, ikasahauliwa.

Zama za pili ni za wakusanyaji wa mimea. Katika miaka ya 1934 na 1935 Mjerumani H. J. Schlieben alitembea katika nchi ya Lindi, karibu na ziwa Lutamba na juu ya uwanda wa Rondo, akikata matawi yenye maua, akiyakausha na kuyabandika katika karatasi. Wataalamu walipoyachunguza waliona kwamba mingi ya mimea ile haijapata kuandikwa. Ndiyo sababu jina la Schlieben limeng'ang'ania miti ya Lindi kama kupe. Kazi yake ilikuwa njema, maana kitu kisicho na jina ni vigumu kukitetea mbele ya baraza. Lakini tutazame yaliyofuata. Sehemu kubwa ya mimea iliyokaushwa kutoka Afrika Mashariki iliwekwa Berlin, kama vile mifupa ya mazimwi ya kale iliyochimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913 ilivyopelekwa mji huohuo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliiangukia nyumba ya mimea ya Berlin, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ikateketea. Nakala zilizokuwa zimegawiwa kwa nyumba nyingine za elimu ziliokoka.

Tukio hilo lina mafunzo mawili kwa mwangalizi wa ardhi. La kwanza ni kwamba hazina yote isiwekwe mahali pamoja, hata kama mahali hapo pana kuta nene na walinzi waaminifu. La pili ni kwamba, karatasi zilipoungua Berlin, msitu wenyewe ulikuwa bado umesimama Rondo. Asili haikuungua. Kwa muda wa miaka michache, msitu wa Wamwera ulikuwa kitabu ambacho nakala yake Ulaya ilikuwa majivu.

Lakini kitabu hicho nacho kilikuwa karibu kupata msomaji mwenye shoka. Zama za tatu ni za mbao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Steel Brothers, ambayo hapo kwanza ilijulikana kwa biashara ya mchele na misaji ya Burma, ilipewa ruhusa ya kukata mivule ya Rondo. Mvule ni mti wa fahari: shina lake hunyooka kama nguzo ya msikiti, na mbao zake hazipendwi na mchwa. Wakati uleule, upande wa magharibi, Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu zilizofyekwa kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga. Mpango ule ulianzishwa mwaka 1947 na ukaachwa mwaka 1951, baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36. Waliouanzisha waliitazama ramani wakaona nchi tupu. Hawakuuliza kwa nini wenyeji hawakuilima nchi ile kwa namna hiyo. Na jibu walilipata kwa udongo uliogeuka mgumu, kwa mvua zilizokataa kufuata kalenda, na kwa trekta zilizovunjika.

Mkata mbao hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Aliupima msitu kwa kipimo alichopewa, yaani futi za ujazo. Katika kipimo hicho mvule una thamani, na kichaka kilicho chini yake chenye beri tatu za kahawa ya mwitu ni uchafu wa njia ya trekta. Hata bwana misitu aliyemfuata, akapanda misaji katika safu zilizonyooka, alidhani anaurudishia msitu kilichochukuliwa. Alirudisha miti; hakurudisha msitu. Msomaji asidhani kwamba naidharau kazi ya kupanda miti. Nasema tu kwamba shamba la msaji na msitu wa Rondo vinafanana kama kamusi inavyofanana na utenzi: maneno yamo, lakini hayazungumzi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha insha hii. Huenda mtu akauliza: hiyo mimea midogo ya mwitu, isiyo mbao wala chakula cha kila siku, ina faida gani hata waangalizi wa ardhi wasumbuke kwa ajili yake? Nitamjibu kwa kisa cha muhogo, ambao ndio tegemeo la watu wa Lindi na Mtwara.

Wajerumani waliingiza katika nchi hii mti wa mpira kutoka jimbo la Ceará, Brazil, ambao wataalamu huuita Manihot glaziovii. Mti huu ni wa ukoo mmoja na muhogo, ila mizizi yake haifai kuliwa. Ulipandwa kwa wingi kwa ajili ya utomvu wake. Kisha mwaka 1913 bei ya mpira ikaanguka, kwa kuwa mashamba ya Malaya yalitoa mpira mwingi na bora. Mashamba ya mpira ya Tanganyika yakaachwa, na miti ikabaki kando ya njia na katika mapori. Tuseme mwaka ule mtu amekuja kwa mwenye shamba akamwambia, "Usiikate yote, hujui itakufaa nini." Bila shaka angalichekwa.

Kumbe muhogo ulikuwa na adui wawili: ugonjwa wa batobato, unaokunja majani na kuyatia madoa ya manjano, na ule wa michirizi ya kahawia, unaoozesha mizizi ardhini hata mkulima achimbe uozo badala ya chakula. Katika kituo cha utafiti cha Amani, huko Usambara, H. H. Storey na R. F. W. Nichols, na baadaye D. L. Jennings, walifanya kazi ya kuzalisha muhogo wenye nguvu kati ya 1935 na 1957. Waliona kwamba mpira ule uliodharauliwa unavistahimili vidudu vya magonjwa. Wakauoza na muhogo. Watoto wa kwanza wa ndoa hiyo walikuwa na afya njema, lakini mizizi yao ilikuwa myembamba isiyofaa. Basi wakawaoza tena na muhogo, na tena, na mara ya tatu, mpaka wakapata mmea wenye mizizi ya mama na nguvu za baba.

Mbegu za kazi hiyo zilipelekwa Nigeria, na katika vizazi vilivyofuata zikawa asili ya mihogo iliyosambazwa katika nchi nyingi za Afrika. Batobato kali ilipoiangamiza mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990, mihogo yenye damu ile ilikuwa miongoni mwa silaha zilizorudisha chakula mezani. Na katika kusini yetu wenyewe, mkulima anayeupanda muhogo uitwao Namikonga, mashuhuri kwa kuistahimili michirizi ya kahawia, anapanda mmea ambao wataalamu wameona ndani yake urithi wa mpira wa Ceará. Mwaka 2016 uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kwamba urithi huo umeenea katika mihogo ya Afrika kuliko ilivyodhaniwa.

Msomaji mkali atasema, "Lakini mpira ule ni wa pori la Brazil, si la Rondo." Ni kweli, na hapo ndipo deni linapozidi uzito. Watu wa Lindi wanakula leo kwa fadhili za pori la watu wengine, ambao hawakujua kwamba wanawatunzia wageni wa ng'ambo ya bahari mshipa wa maisha. Je, hatupaswi nasi kuwatunzia wengine kilicho katika pori letu? Tena hatuwezi kujua mapema ni kipi. Kipimo cha thamani ya mmea wa mwitu hakiko mkononi mwa kizazi kinachouona. Kiko mkononi mwa kizazi kitakachouhitaji. Mwaka 1913 mpira wa Ceará ulikuwa takataka. Mwaka 1935 ulikuwa dawa. Kati ya takataka na dawa palipita miaka 22 tu.

Turudi kwenye kahawa. Kahawa inayonywewa duniani hutoka katika aina mbili hasa, arabika na robusta, na arabika haivumilii joto. Mkulima wa Kilimanjaro analijua hilo bila ya kusomewa. Mwaka 2019 wataalamu wa bustani ya Kew walitoa hesabu ya aina 124 za kahawa duniani, wakaona kwamba 75 katika hizo, yaani kiasi cha asilimia 60, ziko katika hatari ya kutoweka porini. Nchini Sierra Leone kahawa moja iliyosahauliwa, Coffea stenophylla, ilionekana tena mwituni mwaka 2018; ilipoonjwa ilisifiwa kwa ladha kama arabika, nayo huota mahali penye joto zaidi. Katika pwani yetu imo kahawa ya mwitu isiyo na kafeini kwa maumbile yake. Kahawa ya Rondo itatufaa kwa nini? Swali hilo ni lile la mwaka 1913, nalo halitaki jibu la haraka. Lataka subira, na ulinzi.

Ulinzi wenyewe umekuwa mgumu kuliko zamani, na sababu yake ni tabia ya nchi inayobadilika. Dunia imezidi joto kwa zaidi ya digrii moja tangu karne ya kumi na tisa. Mtu apandaye mlima huona joto likipungua kwa nusu digrii na zaidi kidogo katika kila mita 100. Kwa hiyo mmea unaotaka kubaki katika hewa ileile iliyoulea, joto likizidi digrii moja, hauna budi kupanda juu kiasi cha mita 150 au zaidi. Mimea ya Uluguru na Usambara, ikipewa muda na njia, ina milima ya kupanda. Lakini Rondo ni bapa. Mmea ulioko juu ya uwanda hauna ngazi ya pili; umefika darini, na moto unapanda kutoka chini.

Nimesema moto, wala si kwa mfano tu. Kiangazi kinapokuwa kirefu na majani makavu yakirundikana, moto wa Septemba na Oktoba huingia ndani ya msitu ambao zamani ulikuwa na unyevu wa kutosha kuuzima. Mvua nazo hazina adabu: hukawia, kisha huja kwa ghadhabu. Lindi haikuwa ngeni kwa ghadhabu ya mbingu, maana tufani ya mwaka 1952 iliubomoa mji. Lakini mafuriko ya Januari 2020 katika Kilwa na Lindi, na tufani Hidaya ya Mei 2024 pamoja na mvua zilizoikata barabara kuu ya kusini, yametukumbusha kwamba mambo yaliyokuwa ya kusimuliwa na wazee yanaweza kuwa ya kushuhudiwa na watoto.

Tena liko jambo la aibu ambalo mwandishi wa historia hawezi kulificha. Katika misitu ya Kilwa uko mti wa ukoo wa mwamba-ngoma, wenye miiba shinani na maua mekundu, uitwao Erythrina schliebenii. Ulikusanywa katika miaka ya 1930 karibu na ziwa Lutamba, kisha ukapotea machoni pa watu, na mwaka 1998 ukaandikwa katika orodha ya mimea iliyokwisha kutoweka. Mwaka 2001 ukaonekana tena katika msitu wa Namatimbili. Furaha hiyo haikudumu, maana mwaka 2008 sehemu hiyo ilifyekwa ili upandwe mbono kaburi, ambao mafuta yake yalitakiwa Ulaya badala ya mafuta ya petroli, kwa nia ya kupunguza joto la dunia. Biashara hiyo ya mbono haikudumu hata kidogo. Ilianguka, ikaacha visiki. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kutafuta, wakaukuta mti ule ungali hai. Iliripotiwa kwamba miti iliyokomaa haifiki 50.

Basi dawa ya joto la dunia ilikuwa karibu kumwua mgonjwa mwenyewe. Waliokata hawakukata kwa uovu. Walikata kwa kutojua, na kutojua kwenyewe kulitokana na ramani iliyoandika "pori" mahali palipostahili kuandikwa majina ya miti. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Na kila msala upitao huja na jina zuri: karanga, mbono, na leo ufuta, ambao bei yake imewavuta wakulima wengi wa Lindi kufyeka misitu kila mwaka.

Katika safari hiyo ya 2011 uliokolewa na mti mwingine, Karomia gigas, jamaa wa mrehani wa bustanini kwa ukoo, ila wenyewe hupita urefu wa mita 20. Ulijulikana kwanza kwa mti mmoja wa pwani ya Kenya mwaka 1977, na mti huo ukakatwa. Mwaka 1993 ukaonekana Kilwa, kisha ukadhaniwa umepotea tena. Miti michache iliyobaki ikawekewa ulinzi wa wanakijiji, na matunda yake yakapelekwa katika bustani ya mimea ya Missouri, Marekani. Mengi yalikuwa yameharibiwa na kuvu, lakini mbegu chache ziliota, na mwaka 2022 mche wa huko ulichanua maua. Watu waliona kwa mara ya kwanza kwa karibu rangi ya ua ambalo shina lake lilikuwa katika nchi yetu miaka yote hiyo. Ni habari ya furaha na ya kutahayarisha kwa wakati mmoja.

Yapasa sasa kusema tufanye nini. Sitoi amri, maana mwandishi wa insha hana msitu; natoa yale ambayo historia yenyewe imeyadokeza.

La kwanza ni kujua. Mwangalizi wa ardhi asiyeijua kahawa ya mwitu kwa jani na beri yake hawezi kuilinda, hata akiwa na bunduki. Katika miaka ya 2010 Rondo ilipewa cheo cha hifadhi ya mazingira asilia, nacho ni cheo kikubwa. Lakini cheo hakimtofautishi mche na gugu. Inafaa kila hifadhi na kila kijiji kiwe na daftari la mimea yake michache iliyo muhimu: iko wapi, mingapi, inazaa mwezi gani.

La pili ni moto. Kuchoma nyasi mapema, zingali na ubichi baada ya masika, huzuia moto mkali wa mwisho wa kiangazi. Kazi hii ni ndogo kwa gharama na kubwa kwa faida, nayo hufanywa na wanakijiji vizuri kuliko na mtu aliye ofisini mbali.

La tatu ni njia. Ikiwa mimea ya Rondo haiwezi kupanda, basi isaidiwe kuenda kando: kwenye makorongo yenye kivuli, kwenye miteremko inayopata ukungu, na kwenye misitu midogo ya jirani kama Litipo na Noto. Misitu hiyo ikiachwa kuwa visiwa katikati ya bahari ya ufuta, mbegu haina chombo cha kuvukia. Ikiachiwa vichaka na miti mikubwa kati ya mashamba, ndege, popo na komba watakuwa mabaharia.

La nne ni akiba ya mbali. Mbegu nyingi zaweza kukaushwa na kuhifadhiwa katika baridi kali kwa miaka mingi. Lakini mbegu za kahawa hazistahimili vema ukavu na baridi ya namna hiyo, na kiazi cha mwitu hutunzwa vizuri zaidi kikiwa hai. Mimea hii yataka bustani, tena zaidi ya moja, na katika mahali pa hewa mbalimbali. Usiku ule wa Berlin usisahauliwe. Hata hivyo bustani ni mlezi, si mzazi: mmea ulioko bustanini haujifunzi kupambana na ukame wala wadudu wapya, kama ujifunzavyo ulioko mwituni.

La tano, ambalo ni gumu kuliko yote, ni watu. Sheria ya 1904 ilimfanya mchimba mizizi kuwa mwizi, na mawazo hayo hayajafa yote. Lakini mwanamke anayeijua ming'oko, anayejua kuchimba bila ya kukiharibu kichwa cha mzizi ili mmea uchipue tena, ni mtunza msitu ambaye hana sare. Tukimfukuza, elimu yake itakufa naye, na mmea utabaki bila ya mtetezi. Vijiji vya Kilwa vimetuonyesha njia nyingine. Mwaka 2009 baadhi yao, Kikole kikiwa miongoni mwao, vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu ya asili, kwa ajili ya mipingo yao, vikawa vya kwanza katika Afrika kwa misitu inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mpingo ulipokuwa mali ya kijiji, kijiji kikawa mlinzi wa mpingo. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mti wa zumari, kwa nini isiwe hivyo kwa kiazi cha njaa na kahawa ya mwitu?

Nimezipitia zama kadha wa kadha, na katika kila moja Rondo ilitazamwa na jicho moja: jicho la dola likaona mbao, la mkusanyaji likaona majina, la kampuni likaona futi za ujazo, la mwenye mbono likaona ardhi tupu. Jicho la mwenye njaa peke yake liliona chakula, nalo ndilo lililodharauliwa kuliko yote. Majira yanayokuja yatakuwa na njaa zake. Wajukuu wetu wataingia porini kutafuta, kama walivyoingia babu zao baada ya Maji Maji. Wengine kwa jembe, wengine kwa vyombo vya maabara. Wakikuta kitu, hawatauliza ni nani aliyekiacha hapo. Lakini wakikuta visiki, watauliza.